Sekunde Mbili Nilizozikubali

Nilikuwa ubaoni ninawachorea watoto wa darasa la tano sehemu za ua, moyo wangu uliponitoroka. Sina neno jingine la kueleza jambo hilo. Ulikuwa unapiga kama kawaida, halafu bila taarifa ukaanza mbio ambazo huwezi kuzihesabu hata ukiweka vidole shingoni. Chaki ilianguka ikavunjika vipande viwili.

"Madamu, iko nini?" msichana wa dawati la mbele aliuliza.

"Hakuna kitu. Muandike tu."

Nilikaa, nikashika ukingo wa meza. Watoto hawakuandika. Mmoja wao alikimbia kumwita mwenzangu wa darasa la nne, Madamu Riziki, naye alipoingia alinitazama mara moja tu, akafunga mlango nyuma yake.

"Weye unatetemeka," alisema. "Na hii shingo yako iko inaruka."

"Itapita. Huwa inapita."

"Huwa? Kumbe si mara ya kwanza?"

Haikuwa mara ya kwanza. Kwa miaka sita nilikuwa nimezoea mbio hizo: dakika tano sokoni, dakika kumi kanisani katikati ya wimbo. Nilijisemea ni woga, ni uchovu, ni malaria inayokuja. Sikumwambia mtu. Lakini siku ile zilidumu saa mbili nzima. Na siku ile nilikuwa na jambo jingine alilolijua mume wangu peke yake: nilikuwa na mimba ya wiki kumi. Mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa moyo wake utatibiwa kwa waya, naye anachokiogopa zaidi ya waya ni ile mashine ya mionzi wanayotumia kuutazama. Udaktari siujui. Ninachoweza ni kukueleza nilivyosubiri, nilivyoogopa, na kosa nililolifanya baada ya kupona, ambalo hakuna daktari aliyenionya juu yake.

Mume wangu anaitwa Faustin. Anatengeneza mashini za mitumbwi kule Kalundu, bandarini, na hata Jumapili mikono yake inanuka petroli. Tunaishi Kasenga, mtaa wa Uvira, pamoja na mama yake, Mama Nyota, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Alikuwa ameolewa Kamanyola, akalima huko tambarareni miaka mingi, na baada ya kufiwa na mume akaja kukaa nasi. Jioni ile Faustin aliposikia habari za darasani, hakunigombeza. Alikwenda kuazima viatu vizuri vya jirani, maana vyake vilikuwa na mafuta, na asubuhi tukavuka mpaka kwenda Bujumbura kumwona daktari wa moyo.

Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi ya mbao na feni moja iliyozunguka kwa shida. Tulikaa hapo kuanzia saa tatu. Bahati njema, kama naweza kuiita bahati, moyo ulianza mbio nikiwa palepale kwenye benchi, na muuguzi akaniingiza mbele ya watu wote. Wakanibandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na milima iliyobanana. Daktari, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniambia kwa upole, "Ninakupa dawa kwenye mshipa. Utajisikia kama unakufa. Hufi. Hesabu mpaka kumi."

Nilihesabu mpaka sita. Kifua kilibanwa kama mtu amekikalia, macho yakaingia giza, halafu kimya. Halafu moyo ukarudi, du, du, du, taratibu, kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo uani. Nililia. Faustin naye alilia, akasema ni jasho.

Daktari alisema ndani ya moyo wangu kuna njia moja ya umeme iliyozidi, nilizaliwa nayo, na ujauzito umeichokoza. Alinipa vidonge ambavyo mjamzito anaweza kumeza. Tukarudi nyumbani na matumaini.

Vidonge vilisaidia muda wa mvua za kwanza. Mvua zilipokolea, mwezi wa kumi na mbili, vikashindwa. Mbio zilikuja mara mbili kwa siku, kisha mara nne. Tumbo lilikua na miguu ikavimba hadi ndala zikaniachia alama. Kutoka nyumbani mpaka shuleni ni mwendo wa robo saa, nami nilianza kupumzika mara tatu njiani, nikijifanya ninasalimia watu. Mwishowe niliacha kazi kwa muda. Mama Nyota alijifunza ile njia tuliyofundishwa Bujumbura: anajaza beseni maji baridi, ananishika kichwa, ananizamisha uso huku akihesabu kwa Kifuliiru. Mara nyingine moyo ulitii. Mikono yake ilikuwa migumu na haikutetemeka kamwe. Mpaka leo, nikikumbuka upendo wa mtu, ninakumbuka ile mikono kisogoni na maji yakiingia masikioni.

Jumapili moja nilianguka kanisani. Nilizinduka nikiwa nimelala kwenye benchi, kwaya imenyamaza. Tulirudi Bujumbura kesho yake. Yule daktari aliangalia moyo wangu kwenye eko, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, kwa muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Moyo umeanza kuchoka," alisema. "Ukiendelea hivi miezi minne mpaka kujifungua, sijui nani kati yenu atafika."

"Kuna nini kingine?" Faustin aliuliza.

Alitueleza. Kuna tiba ya kupitisha waya nyembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka moyoni, kuitafuta ile njia iliyozidi na kuichoma. Siku zote tiba hiyo hufanywa chini ya mashine ya mionzi, daktari akitazama waya zinavyotembea, wakati mwingine kwa muda mrefu. Kwa mtu mwenye mimba, wengi hawataki hata kuanza. Ila alimfahamu daktari mmoja Nairobi aliyejifunza kuifanya karibu bila mionzi kabisa, kwa kutumia eko na mashine nyingine yenye sumaku inayochora ramani ya moyo. Alimpigia simu tukiwa palepale.

Nyumbani tulikaa kikao. Kaka mkubwa wa Faustin alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, kwamba mimba ikitolewa mama akapona, watoto watakuja wengine. Nilijua anasema kwa kunihurumia. Nilitaka kumtupia kikombe.

Mama Nyota alikuwa ameketi mkekani. Sasa alisimama.

"Waya, minye siijui, muifanye," alisema. "Lakini radiyo, hapana. Hata mara moja. Munanisikia? Ile kitu haitawashwa juu ya huyu mutoto."

Radiyo ndivyo tunavyoiita kwetu picha ya mionzi. Faustin alimweleza kwamba kule wana mashini nyingine.

"Uniapie," mama yake alisema.

"Mama..."

"Uniapie mbele ya bibi yako," akasema akinionyesha mimi, mkewe.

Faustin akaapa. Nami nilikuwa nimekaa pale, mkono tumboni, nikaona kiapo hicho ni chepesi, maana ndicho nilichokitaka mwenyewe.

Walimu wenzangu, watu wa kanisa na mafundi wa Kalundu walituchangia, na katikati ya mwezi wa kwanza tulipanda ndege Bujumbura. Mimba ilikuwa na wiki ishirini na mbili. Mtoto alikuwa ameanza kucheza. Niliogopa moyo utakimbia angani, haukukimbia. Niliona hiyo ni zawadi, nikashukuru.

Hospitali ya Nairobi ilikuwa na viti laini na runinga isiyo na sauti. Muuguzi aliniita "mum", akaongea Kiswahili cha haraka kilichochanganyika, nami nikajibu changu cha Uvira, tukaelewana kwa kucheka. Karibu nami alikaa mwanamume mzee aliyekuja kwa tatizo kama langu. Alinionyesha picha ya wajukuu wake kwenye simu, mmoja mmoja kwa jina, mpaka waliponiita. Sijui alipona au la. Ninamwombea.

Daktari aliitwa Salome. Alikuwa mwembamba, mtulivu, na hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa mbele yetu, magoti yakikaribiana na yangu.

"Zawadi, sitaki nikudanganye," alisema akiniita kwa jina langu. "Ninaanza bila mionzi. Mara nyingi ninamaliza bila mionzi. Lakini mashine itakuwa pale chumbani, na kanyagio lake litakuwa karibu na mguu wangu. Nikifika mahali ambapo siioni ncha ya waya vizuri, kuendelea kipofu kunaweza kutoboa moyo. Hapo nitahitaji sekunde chache. Za kifua tu, na dirisha la mashine nikiwa nimelifunga liwe dogo kama kiganja."

"Hapana," Faustin alisema.

"Ninakuelewa, baba."

"Hapana. Tuliambiwa haiwashwi. Ndiyo sababu tumekuja mpaka hapa."

"Mliambiwa karibu bila mionzi," Daktari Salome alisema polepole. "Hilo neno 'karibu' ndilo ninalowaeleza sasa."

Faustin alinigeukia. Niliuliza nani anatia sahihi kwenye fomu ya kukubali tiba. Daktari akasema ni mimi, kwa kuwa mwili ni wangu. Nilimwuliza kama ataniomba kwanza kabla ya kuwasha, nikiwa macho. Akasema ndiyo, kwa sababu ya mtoto dawa ya kusinzia itakuwa kidogo sana, nitaweza kumjibu. Nikatia sahihi. Faustin alitoka akasimama ukumbini, akitazama dirishani maegesho ya magari. Nilipomfuata alisema tu, "Hatawasha. Ninajua hatawasha." Nikamwachia imani hiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kubishana.

Chumba cha tiba kilikuwa baridi. Walinibandika vibandiko vikubwa mgongoni na kifuani, wakaniwekea mto upande wa kulia ili niinamie kushoto, mtoto asikandamize mishipa. Kabla sijalala walitandika chini yangu, kuanzia kiunoni, blanketi zito lililonikwaruza kama turubai. Fundi wa mashine ya mionzi, mwanamume mnene aliyeitwa Bwana Kioko, aliniambia ndani yake mna risasi.

"Risasi?" nilishtuka.

"Si ya bunduki, mama. Madini yenyewe. Mionzi inatoka chini ya kitanda. Hii inaizuia isipande kwa mtoto."

Kwetu neno hilo hatulisikii kwa raha. Siku ile nililala juu yake. Nilimwuliza Bwana Kioko yeye atafanya nini.

"Mimi? Leo nikimaliza bila kugusa kitu, nitakuwa nimefanya kazi yangu vizuri."

Wakanisikilizisha mapigo ya mtoto, tk-tk-tk-tk, kisha wakaanza. Sindano ya ganzi kinenani iliuma. Baada ya hapo nilihisi kusukumwa tu, kama mtu anayepitisha kamba ndani ya pindo la sketi. Kwenye skrini kubwa palikuwa na umbo la rangi linalokua kidogo kidogo: moyo wangu, ukichorwa na ncha ya waya kila ilipogusa. Bluu, kijani, zambarau. Nilifikiria jinsi darasa la tano wangefurahi kuuona.

Walinikimbiza moyo kwa makusudi ili waione ile njia. Daktari alisema, "Iko hapa, ukuta wa kulia." Alikuwa na furaha sautini. Kisha furaha ikaisha. Alirudisha waya, akaipeleka tena. Aliongea Kiingereza na mwenzake aliyeshika eko. Nilisikia "no" mara tatu. Muda ukapita. Mgongo uliniuma. Moyo ulikuwa bado unakimbia.

Aliinama karibu na uso wangu. Barakoa ilificha kila kitu isipokuwa macho.

"Zawadi. Ramani inaniambia ncha iko mahali. Eko haiioni pale. Moja kati ya hizo mbili inanidanganya, na siwezi kuchoma kabla sijajua ni ipi. Ninaomba sekunde mbili. Ukikataa, ninatoa waya zote, tunarudi kwenye dawa. Sitakulaumu."

Watu wengi wameniuliza niliwaza nini. Niliwaza beseni la maji. Niliwaza kwamba nikirudi na moyo uleule, kuna siku Mama Nyota atanishika kichwa, atahesabu mpaka mwisho, na nisiinuke. Na mtoto asiinuke pamoja nami. Niliwaza pia kiapo. Nilimwuliza Bwana Kioko, "Mutoto iko mbali?"

Alikuja mahali nilipoweza kumwona. Aliweka kiganja chake hewani juu ya kifua changu, kisha kingine hewani chini kabisa, juu ya tumbo. Katikati palikuwa na nafasi ya viganja viwili.

"Dirisha liko hapa. Mtoto yuko pale. Na risasi iko chini yenu."

"Muwashe," nikasema.

Nilifumba macho nikitegemea kelele, mngurumo, kitu fulani. Kilisikika kilio kidogo kama cha saa ya mkononi. Bwana Kioko akasema "Imezimwa" kabla sijamaliza kuvuta pumzi.

"Ramani ilikuwa sawa," Daktari Salome alisema. "Asante. Asante sana. Sasa utahisi moto kidogo."

Nilihisi kama nimemeza chai ya moto bila kupoza. Nikang'ata midomo. Na katikati ya moto huo moyo ukaacha kukimbia, peke yake, bila ile dawa ya kufa. Walingoja. Wakajaribu kuuchokoza tena, mara nyingi, kwa nusu saa. Ulikataa kukimbia. Wakaweka tena kile kifaa tumboni: tk-tk-tk-tk. Muuguzi alinifuta machozi na kitambaa cha karatasi, na Bwana Kioko alininyooshea dole gumba kutoka kwenye kona yake.

Kabla hawajanitoa, daktari aliniambia yuko tayari kumweleza mume wangu. Nikasema nitamweleza mwenyewe.

Faustin aliingia chumba cha mapumziko akitembea kwa vidole kama mwizi. Alishika mguu wangu juu ya shuka. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu moyo, la pili kuhusu mtoto. La tatu:

"Hawakuwasha?"

Nilikuwa nimechoka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona kwa miezi.

"Hapana," nikasema.

Neno moja. Akatoka ukumbini kumpigia mama yake, nikamsikia akipaza sauti, "Hata mara moja, Mama! Hata mara moja!" Karatasi za hospitali zilikuwa za Kiingereza, hakuna aliyezisoma nyumbani. Hilo ndilo kosa nililolitaja mwanzoni. Nilifika Uvira nikiwa na moyo mzima na uongo mbichi.

Mwili ulipona upesi. Kinena kilibaki na alama nyeusi kama embe lililoanguka, ikageuka njano, ikafutika. Uvimbe wa miguu ulipungua, nikavaa viatu vyangu. Nilitembea mpaka shuleni bila kumsalimia mtu hata mmoja njiani, na nilipofika nilicheka peke yangu getini. Lakini Jumapili ya pili Mama Nyota alisimama kanisani kutoa shukrani, akasimulia jinsi Mungu alivyouongoza mkono wa daktari bila radiyo kuwashwa hata mara moja, na watu wakapiga makofi. Nilitazama sakafu. Tangu siku hiyo, mtoto akinyamaza tumboni saa moja tu, jasho lilinitoka. Sikuwa na wa kumwambia kwa nini ninaogopa. Uongo ulikuwa umenifungia ndani na hofu yangu.

Nilivumilia wiki tatu. Kisha nilikwenda Kalundu mchana, nikamkuta Faustin ameinamia mashini iliyofunguliwa, nikamwambia yote palepale. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka spana chini.

"Umenifanya muongo mbele ya mama yangu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia, ningekasirika siku moja. Sasa..." Alijipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Weye mwenyewe ndiye utamuambia. Minye nitakaa kando yako. Lakini utasema weye."

Jioni hiyohiyo Mama Nyota alikuwa uani anapepeta mchele. Nilikaa kwenye kigoda, Faustin akasimama nyuma yangu. Nilisema daktari alikwama, aliniomba, nikakubali. Sekunde mbili. Kifuani.

Ungo ulisimama. Nilingoja anifukuze.

"Alimuuliza nani?" alisema. "Bwana yako?"

"Minye peke yangu."

"Na ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo, Mama."

Aliweka ungo chini, akaanza kuokota mchele uliomwagika, punje moja moja. Aliongea akiwa ameinamisha kichwa.

"Minye pia niliulizwa peke yangu. Kabla ya kumuzaa huyu." Alionyesha Faustin kwa kidevu. "Nilikuwa na mimba kubwa. Nilikohoa, nilikonda, homa haikatiki. Wakaniambia nipige radiyo ya kifua. Baba yenu alikuwa mbali. Nikasema ndiyo. Wiki tatu nyuma ya hiyo radiyo, mutoto akanyamaza. Mama mukwe wangu akaniambia: weye ndiye ulimuchoma."

Faustin alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Nilimwona akitafuta mahali pa kukaa.

"Miaka yote hii," Mama Nyota alisema, "minye ndiye nilimuchoma."

Hakunifukuza. Hakunisamehe pia, si siku hiyo. Siku mbili alinipikia bila kunitazama. Siku ya tatu nilimwomba anisindikize Bujumbura kwenye kipimo changu, akaja. Daktari wa miwani ya uzi alipomaliza na mimi, nilimwambia, "Mama ana swali." Mama Nyota alinikazia macho ya hasira. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuifahamu, ndogo.

Daktari alimhoji kama mgonjwa wa leo. Homa ilikuwa ya siku ngapi? Alikohoa nini? Alikuwa anakula? Mwishoni alisema, "Mama, sikuwepo, siwezi kujua yote. Lakini picha moja ya kifua haiui mtoto tumboni. Ugonjwa uliowafanya wakupige ile picha, huo unaweza."

"Sema tena," Mama Nyota alisema.

Akasema tena, polepole zaidi, na mara hii kwa Kirundi, ambacho Mama Nyota anakisikia tangu Kamanyola. Tulipotoka alinunua ndizi mbivu, akanipa kubwa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tano, mvua zikiaga. Nilikuwa na uchungu kwa muda wa saa kumi na moja. Wakunga walikuwa wameambiwa habari za moyo wangu, kila mara mmoja akaja kunishika mkono na kuhesabu. Ulipiga kwa nguvu, ulipiga haraka kama wa mwanamke yeyote anayezaa, na kila uchungu ulipopoa nao ulipoa. Ni msichana. Tulimwita Neema. Ana mwaka na nusu sasa, anatembea, anavunja vikombe, na ninapokwenda kwenye kipimo daktari anamwacha acheze na mpira wa kile chombo cha kupimia presha.

Kwa wewe uliye kwenye benchi ukingojea zamu yako: uliza kama hospitali inaweza kufanya bila mionzi au kwa mionzi kidogo. Uliza mapema, uliza ni akina nani wamefanya hivyo mara nyingi, uliza watakukinga vipi. Ni haki yako, na wazuri hawakasiriki. Lakini wakihitaji sekunde chache ili wasikutoboe, usife kwa sababu ya hizo sekunde. Na ukirudi nyumbani, sema kweli siku ya kwanza.

Kiangazi kilichopita Mama Nyota aliteleza kwenye ngazi za kanisa, akaangukia mkono. Kiwiko kilivimba kama papai. Tulipanda pikipiki mbili mpaka hospitalini, mimi na Neema mgongoni, na mganga akasema lazima kiwiko kipigwe radiyo. Niliona uso wa Mama Nyota ukikakamaa. Maisha yake yote, tangu ile ya Kamanyola, alikuwa hajaingia tena kwenye chumba kile. Meno, mbavu, kifua, kila kitu alikiacha kipone chenyewe.

"Unaweza kukataa, Mama," nilimwambia.

Alitazama mlango ule wa chuma muda mrefu.

"Ukae huku na mutoto," alisema. "Ninaingia."

Mlango ulifungwa. Nilisimama ukumbini nikimbembeleza Neema ambaye hakuwa analia. Haukupita muda akatoka, ameshika mkono wake uliofungwa kwa kitenge, akaketi kando yangu kwenye benchi. Hakukuwa na mfupa uliovunjika, tuliambiwa baadaye. Yeye hakuuliza hata hilo. Alimchukua Neema kwa mkono mzima, akamkalisha magotini.

"Alikuwa muvulana," alisema. "Nilitaka kumuita Amani. Hilo jina sijawahi kulitamka kwa muntu."

Hakutaka tupande pikipiki kurudi. Tulitembea polepole, na njia nzima mpaka Kasenga alinisimulia habari za Amani: jinsi alivyokuwa akimpiga mateke kila alipokula muhogo wa moto, na jinsi alivyotulia akisikia watu wakiimba shambani.